Ukuta Kuzunguka Mahali Palipojaa

Waweru aliondoka asubuhi ya Jumatatu kwenda Moiben kutafuta mahindi, na kufikia mchana alikuwa ameshafariki. Alianguka kando ya lori akibishana na mkulima kuhusu mahindi ambayo hayakuwa yamekauka vizuri. Presha. Mkulima huyo ndiye aliyenipigia, kwa simu ya Waweru mwenyewe. Kabla hajasema lolote nilisikia watu nyuma yake wakiongea kwa pamoja, na sauti ya mume wangu haikuwa kati yao. Waweru hakuwa mtu wa kunyamaza watu wakiongea. Nilijua hapo.

Sisi tuna kinu cha posho hapa Munyaka. Siku hiyo wateja waliendelea kuja na mahindi yao, wakapanga madebe kwenye foleni kama kawaida, wakakaa kwenye benchi kumngoja. Sikuwa na nguvu ya kutoka nje kuwaambia. Walikaa hapo mpaka binti yetu Lynette alipofika kutoka Chepkoilel, anakosoma chuo, akawaendea mmoja mmoja na kuwaambia kwa sauti ya chini. Waliinuka wakaondoka bila madebe yao, kana kwamba kuyachukua kungekuwa ni kutukosea heshima.

Swali la pahali pa kumzika lilikuja jioni hiyo hiyo, kwa sababu Waweru hakuwa na shamba. La baba yake liliuzwa baada ya vurugu za uchaguzi ule mbaya, familia ikahamia mjini. Ploti yetu imebeba kinu na vyumba viwili tu, na mjini watu hawazikani kwa ploti. Kaka yangu Wasike alikuja kutoka Bungoma, akakaa na kusikiliza, mwishowe akasema kwamba huko kwetu nafasi ipo, shemeji yake anaweza kulala huko. Mbuthia, kaka mkubwa wa Waweru, mwenye duka la mabati na misumari, alimshukuru sana. Kisha akauliza, kwa upole, kama Wasike amewahi kuona mwanamume amezikwa kwa wakwe zake. Wasike alijua pia kwao haifanyiki, lakini ilibidi mtu aseme.

Basi tukaamua makaburi ya umma, Jumamosi. Sikuomba mengi. Niliomba awe na kaburi lake mwenyewe, mahali ambapo nikifika nitajua ni yeye aliye chini yangu. Mbuthia alisema hilo ni jambo dogo, niwaachie wanaume.

Hapa inafaa nieleze habari za ukuta.

Makaburi hayo yalianza kujaa zamani. Kila mwaka bajeti ya kaunti ilikuwa na fungu la kununua ardhi nyingine, na kila mwaka, katikati ya njia, fungu hilo lilihamishiwa jambo jingine. Mara taa za barabarani, mara magari ya maofisa, mara deni la mkandarasi fulani ambaye alikuwa amewapeleka kortini. Halafu mwaka juzi maofisa walikuja kwenye ukumbi wetu kuchukua maoni ya wananchi. Walisema pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja. Ama kaunti inunue ekari chache nje ya mji, ama ijenge ukuta na lango kwenye makaburi yaliyopo, maana mbuzi na walevi walikuwa wanaingia humo wanavyotaka. Ofisa mmoja msichana, mwenye heshima zake, akaomba anayetaka ardhi ya makaburi ainue mkono.

Hakuna aliyeinua. Ukumbi mzima, Wakikuyu, Waluhya, Wakalenjin, watu ambao hawakubaliani hata juu ya bei ya maziwa, walikaa mikono mapajani. Ni nani atainua mkono wake mbele ya majirani aseme nitafutieni kaburi? Huko ni kujiitia kifo. Waweru alinisimulia hayo tukila, akicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama mmoja karibu naye alikuwa ameficha mikono ndani ya leso isije ikaonekana imeinuka. Ndipo Waweru akasimama akasema, "Mimi niandikeni kwa ukuta. Huko ndani sina haraka." Ukumbi ulivunjika mbavu, hata maofisa. Mbuthia, ambaye ni mwenyekiti wa wakaaji, alishukuru kwa niaba ya wote, na ukuta ukapita.

Ukajengwa. Ni ukuta mzuri wa mawe, una lango la chuma na jiwe lenye jina la mkubwa aliyeuzindua.

Jumamosi tulitoka kanisani saa sita hivi. Gari la maiti lilikuwa mbele na sisi nyuma, umati mkubwa, kwa sababu mtu wa kinu anajuana na kila nyumba inayopika ugali. Tuliingia kwenye lango hilo na kufuata barabara ya ndani, ya changarawe nyekundu ya murram, inayopita katikati ya makaburi mpaka mwisho. Kutoka dirisha la gari sikuona nafasi popote. Misalaba ilikuwa imesongamana, mingine imeegemeana.

Kaburi halikuwa tayari. Liliahidiwa Ijumaa, na sasa shimo lilikuwa limewafika wachimbaji kiunoni tu. Msimamizi wa makaburi, Bethwel, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la kaunti, alimchukua Mbuthia pembeni. Nilikuwa karibu nikasikia. Tingatinga ya kuchimba imekaa tangu mwaka mpya wa bajeti, haina mafuta, na vibarua hawajaona mshahara kwa miezi kadhaa. Wiki nzima walikuwa wameweka majembe chini. Hawa wanne amewabembeleza asubuhi kwa pesa ya mfuko wake. Alisema hayo yote bila kujitetea, kama mtu anayesoma tangazo. Mbuthia alimwambia angempigia simu mapema. Bethwel akasema amepiga, mzee, simu yako haipatikani. Na kweli Mbuthia alikuwa amezima simu kanisani.

Pasta alianzisha wimbo ili watu wasikae bure. Upande wa Kaptagat mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kila mtu aliyeimba alikuwa anaimba akitazama huko. Dereva wa gari la maiti aliniomba radhi kupitia kwa Lynette. Alikuwa anangojwa Turbo, na watu wa huko walishaanza kumpigia.

Halafu nikasikia sururu ikigonga kitu. Jiwe naijua sauti yake, na hii haikuwa ya jiwe. Ilikuwa ya mbao.

Mchimbaji aliyekuwa ndani ya shimo, Lusweti, aliacha sururu ilipokuwa. Hakupiga kelele. Alimtazama Bethwel, na Bethwel akatikisa kichwa kidogo, mara moja, kumwambia aendelee. Hilo ndilo lililonifanya nisogee. Nilijua mume wangu anatakiwa kuingia humo na nilitaka kuona.

"Kuna nini hapo?" nikauliza.

"Ni mizizi, Mama Lynette," Bethwel akasema. "Rudi kwa kiti, tafadhali."

Hakukuwa na mti mahali hapo. Nilimtazama Lusweti, ambaye tangu tulipofika nilikuwa nimemsikia kwa lafudhi kuwa ni mtu wa kwetu Bungoma, nikamuuliza kwa lugha yetu. Alifuta uso kwa mkono wenye udongo. Akanijibu kwa Kiswahili, labda ili kila mtu asikie, labda kwa sababu hakutaka kulisema kwa lugha ya nyumbani.

"Ni sanduku, mama. Ni dogo."

Wimbo ulikuwa bado unaendelea nyuma lakini mbele uliisha. Mbuthia alifika, akachungulia, akarudi hatua moja. Alimuuliza Bethwel hii ni nini. Bethwel alimvuta mkono akitaka waongee kando, Mbuthia akakataa kuvutwa, na hivyo maneno ambayo Bethwel alitaka yawe ya watu wawili yakawa ya wote.

"Mzee, mnataka nifanye nini? Huku ndani hakuna futi moja ambayo haina mtu. Tunaweka udongo kidogo, halafu tunaweka juu. Ni kitu tunafanya siku hizi. Watu huwa hawajui."

"Nani aliwaruhusu?"

"Ardhi mlikataa, mzee. Si mlikataa? Mimi nilikuwa pale ukumbini. Mlitaka ukuta."

Nilimtazama Mbuthia. Sijawahi kumwona mtu akizeeka hivyo, amesimama tu.

Kutoka kwa kundi la akina mama wa kanisa alitoka Mildred. Mildred anauza mboga mkabala na kinu chetu, na kila mtu hapo alijua kwamba alimzika mtoto wake wa pili katika makaburi haya, mtoto wa miezi michache, upande huu huu. Msalaba wake ulikuwa wa mbao na ulishapotea, wengine walisema umechukuliwa kuwa kuni. Hakukimbia. Alitembea mpaka ukingoni mwa shimo, akatazama chini, kisha akamgeukia Bethwel.

"Wangu yuko wapi?"

Bethwel akageuza uso kwa wachimbaji.

"Nakuuliza wewe, baba. Mtoto wangu mimi nilimweka laini hii. Nionyeshe yuko wapi."

"Mama, siwezi jua," Bethwel akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata ungeniuliza kaburi la nani, siwezi jua. Makaburi ya watoto hayana alama."

Wimbo wote ukanyamaza sasa. Ndipo nikasikia umati unavyobadilika. Sitasahau jambo hilo. Kila aliyekuwa na mtu wake humo alianza kuangalia alipomwacha, wakaanza kutawanyika kati ya misalaba, wanasoma majina, wanaitana, na vijana waliokuja na pikipiki wakaanza kusogea kuelekea alipo Bethwel. Mmoja alikuwa ameokota jiwe. Wasike alimshika Bethwel kwa kola ya koti. Sijui kama alitaka kumpiga au kumzuia asikimbie, nafikiri hata yeye hakujua.

"Sema tena," Wasike akamwambia. "Sema tena huwa hawajui."

Lynette alikuwa amening'ang'ania mkono. Bethwel alizungumza haraka, akimwangalia Mbuthia na si yule aliyemshika. Alipendekeza maiti irudi mochari, angalau mpaka Jumatatu, aende ofisini, labda itapatikana nafasi kwenye makaburi mengine. Hapo hata watu wa pande zote mbili za familia walipiga kelele. Kwetu maiti ikishatoka mochari na kuombewa hairudi. Anayerudishwa ni mtu asiye na watu. Dereva wa gari la maiti alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kusimama hapo, akitusubiri tuamue kama anatoa au anaondoka naye.

Pasta alinijia akaninong'oneza sikioni. Alisema jambo la busara, na simlaumu. Alisema mtoto hana neno, ni malaika, Waweru alikuwa mtu wa watoto, hawatasumbuana. Wengi wanafanya hivyo katika miji mikubwa. Mvua inakuja, vijana wamechemka, tukichelewa kutamwagika damu kwenye mazishi ya mume wangu. Niseme ndiyo tu, watafunika, tutaomba.

Nilimtazama Mildred. Alikuwa amepiga magoti ukingoni na hakuwa analia, alikuwa anajaribu kuona mbao ile ni ya rangi gani.

Sikuweza. Si kwa sababu mimi ni mwema kuliko wengine. Nilifikiri nikija kumtembelea Waweru nitakuwa nimesimama juu ya nani, na mama wa huyo akija atasimama juu ya nani. Na nikafikiri kwamba mwaka ujao, kaunti ikikosa tena pesa, wataweka mwingine juu ya Waweru, na huyo msimamizi atatikisa kichwa vile vile, mara moja, na mchimbaji ataendelea.

Niligeuka kuangalia kama kuna ardhi yoyote ambayo haijachimbwa. Ilikuwepo moja. Gari la maiti lilikuwa limesimama juu yake.

"Chimbeni barabarani," nikasema.

Mara ya kwanza hakuna aliyenielewa. Nikamwambia dereva arudishe gari nyuma, kuelekea langoni, naye akasogeza. Nikasema tena, kwa nguvu kidogo, kwamba barabara haina mtu chini, basi wachimbe hapo.

Bethwel, akiwa bado ameshikwa kola, alisema haiwezekani. Ile ni barabara ya kaunti, ndiyo njia pekee, magari yatapita wapi? Akichimbwa mtu hapo yeye atafutwa kazi Jumatatu asubuhi. Alisema ana watoto watatu na nilimwamini. Mbuthia naye alinikaribia akaniita shemeji, akaanza kuniambia kwamba kuna watu watakaokuja kuzika baada yetu, tutawafungia njia, watatulaani.

"Nani alisema hana haraka?" nikamuuliza. "Yuko hapo kwa gari. Anangoja."

Sikusema kumuumiza, au labda nilisema. Mbuthia aliniangalia. Kisha akavua koti lake la suti, akalikunja vizuri, akampa Lynette. Akaenda kwenye ukingo wa shimo, akamwomba Lusweti sururu kwa adabu, kama anaazima kitu dukani, akaingia nayo barabarani na kuanza kupiga. Murram ilikuwa imeshindiliwa na magari ya miaka mingi. Sururu iliruka. Akapiga tena. Mtu wa miaka sitini na zaidi, shati jeupe, tai imetupwa begani.

Wasike alimwachilia Bethwel ili aende kumsaidia. Yule kijana wa jiwe aliliangusha na kuchukua beleshi, kwa sababu huwezi kusimama na jiwe mkononi mzee anachimba. Wengine wakafuata. Walikuwa wanapokezana kila baada ya dakika chache, anayechoka anatoka anahema, mwingine anaingia. Lusweti na wenzake walikaa pembeni wakitazama, maana kazi hiyo hakuna aliyewaahidi kuilipa. Halafu Lusweti akashuka ndani akawaonyesha jinsi ya kuanza na pembe ili udongo mgumu ukatike, akabaki humo mpaka mwisho. Bethwel alikaa juu ya kaburi la saruji la mtu mwingine, simu sikioni, na nadhani hakuna aliyeishika.

Mvua ilitukuta shimo limefika kifuani. Ilikuja yote mara moja, kama inavyokuja huku, na hema lilikuwa dogo. Watu hawakuondoka. Shimo lilianza kuingia maji mekundu, wanaume wakayateka kwa ndoo ya maua. Mbuthia alisema inatosha. Halikuwa na kina kinachotakiwa, nililiona hilo, lakini upande wa chini hakukuwa na mbao wala kitambaa, ni udongo mtupu ambao hakuna mtu aliyewahi kuutia mkono. Wakamshusha kwa kamba. Pasta alifupisha maombi. Nilitupa udongo wangu na ulikuwa tope, ulinata kwenye vidole, ikabidi niukung'ute.

Wakati wanaume wanafukia, nilimtafuta Mildred. Alikuwa bado kwa shimo la kwanza. Alikuwa ameanza kulijaza kwa mikono, akisukuma udongo uliolowa polepole upande ambao sanduku lilikuwa, na akina mama wawili wa kanisa walikuwa wameinama wanasukuma naye. Hakujua kama ni wake. Hakuna ambaye angeweza kumwambia. Nilienda nikapiga magoti upande wa pili tukamaliza pamoja, sote tumelowa.

Bethwel alifutwa kazi, ingawa si Jumatatu. Mbuthia alimwandikia ofisi barua ya kumtetea, lakini hakujibiwa. Siku ya maoni ya bajeti iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka nje, na ofisa alipouliza kuhusu ardhi ya makaburi, Mildred aliinua mikono yote miwili na kuiweka juu mpaka kila mtu akainua wake. Ardhi iliingia kwenye bajeti. Katikati ya mwaka ilitolewa tena, safari hii kwa ajili ya uwanja wa michezo.

Kwa sasa msimamizi mpya hachimbi safu za zamani, kwa sababu watu wanakuja kusimama hapo na kuangalia. Anachimba barabarani. Magari hayaingii tena, jeneza linashushwa langoni na kubebwa kwa mabega. Baada ya Waweru amezikwa mwalimu mmoja, halafu mama na binti yake, halafu wengine nisiowajua, mmoja baada ya mwingine kuelekea nje, na kaburi la mwisho nililoliona Jumapili hii liko karibu na lango.